Mkibadilisha mita za pikapu, hesabu ya beti isipotee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye pikapu za zamani, pamoja na mafundi wenzangu wa umeme wa magari, juu ya kazi inayochukuliwa kuwa nyepesi: kubadilisha mita za dashibodi. Mfano wangu ni Toyota Hilux LN106, toleo lililoanza mwaka 1988 na kuendelea hadi 1997. Nimelichagua kwa kuwa bado linafanya kazi kwa wingi, na kwa kuwa injini za dizeli za Hilux za toleo hilo, 2L na 3L, zina kitu ambacho hesabu yake imo ndani ya mita yenyewe. Kitu hicho ni beti ya taiming, yaani mkanda wa injini (timing belt).

Injini hizo hazina mnyororo mbele. Kemshafti na pampu ya dizeli huzungushwa na beti ya mpira yenye meno, ambayo hutakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, vali hukutana na pistoni. Kwa vile dereva hawezi kuiona beti ikichoka, kiwanda kiliweka taa ndogo yenye maandishi T-BELT, na swichi yake ikafungwa kwenye magurudumu ya namba za kilometa. Kila namba zikitimiza laki nyingine, taa inawaka. Taa hiyo haijui hali ya beti, inajua namba tu. Chukua gari lenye kilometa 278,000, ambalo beti yake ilifungwa lilipofika 200,000. Likivishwa mita ya mtumba yenye 131,000, taa itawaka namba zikifika 200,000, yaani baada ya kilometa 69,000 nyingine. Hapo beti itakuwa imetembea 147,000. Dereva anayeamini taa yake atakuwa barabarani na beti iliyopaswa kutupwa zamani.

Hatari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mengine nitakayoeleza ni namna ya kuifanya kazi yenyewe isirudi gereji wiki inayofuata.

Kwanza, tujue kama seti nzima ya mita inahitaji kubadilishwa kweli. Mita za magari haya hazikutengenezwa kama kitu kimoja. Ni sanduku la plastiki lenye kioo mbele, filamu ya saketi mgongoni (plastiki nyembamba yenye njia za umeme), na ndani yake vipande vinavyojitegemea: spidomita pamoja na namba za kilometa ni kipande kimoja, geji ya mafuta na geji ya joto ni vingine, na mita ya mizunguko ya injini, ile yenye maandishi RPM, ni kingine pale ilipowekwa. Kila kipande kimeshikwa kwa skrubu chache kwa nyuma. Kwa hiyo geji ya mafuta ikifa hakuna sababu ya kuhamisha kilometa za gari la mtu mwingine. Nunua seti ya mtumba, toa geji, ifunge kwenye sanduku lako. Na kama unachotaka ni sanduku zuri lenye RPM, fanya kinyume chake: toa spidomita yako, iingize kwenye sanduku jipya, namba zako zikufuate. Ni kazi ya nusu saa ya ziada na inamaliza ugomvi wote wa kilometa na beti.

Dalili zisomwe kabla ya kugusa bisibisi. Geji ya mafuta na ya joto zikikosea kwa pamoja, si rahisi sensa mbili ziwe zimekufa siku moja. Tafuta kitu kinachozihudumia zote mbili: fyuzi iliyoandikwa GAUGE, erthi ya seti (waya wake wa hasi unaoungana na bodi), au, kwenye pikapu za kale zaidi zenye geji za bimetali, kirekebisha volti kidogo kilicho mgongoni mwa mita. Kirekebisha volti hicho kikiganda katika hali ya kupitisha umeme wote, mishale yote miwili hupanda kupita kiasi; kikikatika, yote hulala. Geji moja ikikosea peke yake, anza na sensa yake. Ukiwasha indiketa na mishale ikaruka kwa kufuata mdundo wa taa, erthi imelegea, na hata seti mpya kabisa itaruka vilevile.

Kupima geji bila kutoa mita ni rahisi. Weka ufunguo kwenye ON, chomoa waya wa sensa ya joto kwenye injini: mshale ushuke hadi C (baridi). Kisha uguse waya huo kwenye bodi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4: balbu iwake na mshale upande kuelekea H (moto). Usiuguse moja kwa moja bila balbu. Kuna geji zinazoungua koili kwa sekunde chache tu. Ya mafuta hupimwa kwa mtindo huohuo kwenye plagi ya tangi: ikichomolewa mshale ulale E (tupu), ikipita kwenye balbu upande F (limejaa). Mshale wa mafuta wa Toyota za miaka hiyo umelowekwa kwenye mafuta mazito ya silikoni ili usicheze dizeli ikitikisika, kwa hiyo subiri dakika mbili kabla ya kutoa hukumu. Baadhi hubaki palepale hata ufunguo ukizimwa. Watu wengi hutupa geji nzima kwa kukosa subira hiyo.

Geji zikipita mtihani huo, mita haina kosa. Pima boya la tangi, yaani sensa ya kiasi cha mafuta, kwa mita ya umeme: kwa Toyota, tangi likijaa usomaji uwe karibu na ohm 3, likiwa tupu karibu na ohm 110. Kumbuka namba hizo unapopewa seti kutoka gari la aina nyingine kwa maneno kwamba inaingia tu. Geji iliyotengenezwa kwa boya la aina nyingine itakuonyesha nusu wakati tangi linakaribia kukauka.

Spidomita nayo ina mambo yake. Kwenye LN106 huendeshwa na kebo inayotoka kwenye gia boksi. Mwisho wa kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haigusi kikombe, huvuta kwa mkondo wa umeme unaozaliwa humo, na springi nyembamba kama unywele hurudisha mshale. Namba za kilometa huendeshwa na gia za plastiki kutoka kwenye shafti hiyohiyo. Ndiyo sababu namba zinaweza kusimama huku mshale unafanya kazi vizuri: gia moja ya plastiki imepasuka au imelegea kwenye shafti yake. Mshale na namba vikisimama pamoja, kebo imekatika, imechomoka, au gia iliyo chini imekula meno. Mshale ukitetemeka kati ya 20 na 40 kisha ukatulia mwendo ukiongezeka, kebo imekauka au imepinda mahali. Katika hali zote hizi mbili za mwisho, kununua seti ya mita ni kutupa fedha.

Kebo ipitishwe bila kona kali. Mviringo wake usiwe mdogo kuliko ule wa sahani ya chakula. Waya wa ndani huvutwa kutoka juu, unafutwa kwa kitambaa, unapakwa grisi nyepesi kidogo sana, na sentimita 15 hadi 20 za juu zinaachwa kavu. Grisi ikiwekwa hadi juu, itapanda kwa mzunguko wa kebo na kuingia kwenye kikombe cha sumaku. Mshale utaanza kushika, utapanda ghafla na kugoma kushuka. Ukiikuta oili nyembamba yenye harufu ya gia boksi imefika kwenye mita, oili sili ya gia ya spidi kule chini imechoka. Ibadilishe pamoja na ringi yake ya mpira, la sivyo spidomita mpya nayo italoweshwa.

Sasa kwa anayebadilisha kweli. Wauzaji wa mitumba, iwe Gerezani hapa Dar es Salaam au Grogan kule Nairobi, huziweka seti mezani zikitazama juu, na mnunuzi huchagua kwa sura. Igeuze. Tazama mgongoni kabla ya mbele. Hesabu plagi na ulinganishe umbo lake na zako. Filamu isiwe imekatika wala kuchubuka kwenye meno ya plagi. Weusi wa kawaida husafishwa kwa kifutio cha penseli, lakini njia iliyovunjika ni shida nyingine. Soketi zote za balbu ziwepo. Vishikio vya sanduku visiwe vimekatwa, kwa sababu seti isiyokaa sawa hutikisika na kulegeza plagi.

Kisha uliza imetoka gari la injini gani. Seti ya petroli haina taa ya hita plagi (plagi za kupasha dizeli kabla ya kuwasha), haina taa ya maji kwenye dizeli, na haina T-BELT. RPM yake husoma mapigo ya koili ya kuwasha, na injini ya petroli ya silinda nne hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. Dizeli haina koili. RPM ya dizeli hupata ishara kutoka sensa iliyo kwenye pampu, au kwa kuunganishwa na teminali W ya alterneta ikiwa mita yenyewe imeundwa hivyo. Ukifunga RPM ya petroli kwenye 3L, mshale utalala siku zote. Na hata ukiulazimisha usome kitu, eneo lake jekundu limechorwa kwa injini inayozunguka kasi kuliko yako. Kwa hiyo mwenye seti isiyo na RPM anayetaka yenye RPM anunue pia sensa ya pampu na plagi yake, kisha avute waya mpya hadi kwenye dashibodi. Akikosa sensa, abaki na saa ya mishale ya kuonyesha wakati, kama ipo pale kwenye seti yake ya awali. Angalau hiyo inasema kweli.

Seti zinazotoka Uingereza zina namba kubwa za maili. Maili 50 ni kilometa 80. Dereva aliyezoea kutazama mshale kwa haraka ataingia kwenye makazi ya watu, ambako mwisho ni kilometa 50 kwa saa, akiona mshale umegusa 50 naye yuko 80. Namba za chini pia huhesabu maili, kwa hiyo muda wa kubadilisha oili na beti wote unapinduka. Seti hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupwa, labda uwe unataka geji za pembeni tu.

Habari njema kwa mwenye kuhamisha spidomita ya kebo ni kwamba Wajapani walikubaliana kipimo kimoja: kebo ikizunguka mara 637 kwa dakika, mshale usome 60. Maana yake ni mizunguko 637 kwa kilometa. Ndiyo sababu spidomita ya kebo ya pikapu moja ya Kijapani kwa kawaida husoma sawa ikihamishiwa pikapu nyingine ya Kijapani, mradi iingie kwenye nafasi yake. Za Kimarekani zilifuata mizunguko 1,000 kwa maili, ambayo ni kama 621 kwa kilometa, tofauti ya asilimia 2 hivi na nusu.

Kipimo hicho pia kinakuwezesha kupima spidomita mezani. Kata kipande cha waya wa kebo ya zamani, kifunge kwenye drili ya umeme, zungusha upande uleule inaozungusha gari. Kama drili yako inaonyesha mizunguko, ipeleke karibu na 637: mshale ukae kwenye 60 na namba zisogee kilometa moja kila dakika. Kama haionyeshi, izungushe spidomita yako na ile ya mtumba kwa kasi ileile moja baada ya nyingine, ulinganishe. Mshale ukishika njiani au namba zikisita, iache kwa muuzaji. Muuzaji akikataa kupimiwa, tayari umejibiwa.

Hapa niongeze jambo ambalo wenye pikapu hulaumu mita bure. Spidomita inayosoma pungufu baada ya kuwekwa matairi makubwa haina ugonjwa. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha milimita 735 hivi. La 265/70R16 lina 777. Hiyo ni tofauti ya karibu asilimia 6, kwa hiyo mshale ukiwa 80 gari liko kwenye 84 au 85. Ukibadilisha difu (gia za ekseli) pia usomaji hubadilika: kwa mfano kutoka uwiano wa 4.556 kwenda 4.875, mshale husoma zaidi. Dawa yake iko chini, kwenye ile gia ndogo ya plastiki ya spidi, inayopatikana kwa idadi tofauti za meno. Meno yakiongezeka, kebo hupunguza mizunguko, yakipungua, huongeza. Kubadilisha mita tatu mfululizo hakutarekebisha chochote.

Kazi yenyewe huanza na betri. Chomoa teminali hasi kwa spana namba 10. Shusha usukani kama unashuka. Fremu inayozunguka mita imeshikwa kwa skrubu kwenye ukingo wake wa juu kwa ndani, na nyingine hujificha. Tazama kwa tochi kabla ya kuvuta, maana plastiki ya zaidi ya miaka 25 iliyopigwa na jua haisamehe. Ikitoka, fungua skrubu za seti, ivute mbele kiasi cha vidole vinne tu. Kebo bado imeishika. Ingiza mkono kwa nyuma, bonyeza klipu ya plastiki ya kebo huku ukiivuta nyuma. Wengine huvuta seti kwa nguvu hadi klipu inakatika, na tangu siku hiyo kebo hutoka kila gari likipita shimo. Kama kebo ni fupi na mkono haufiki, ilegeze kwanza kwenye gia boksi au kwenye kishikio chake pale inapopita ukuta wa injini, upate urefu wa kutosha. Plagi zitolewe kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta nyaya. Piga picha kila kitu kabla hakijatoka.

Usiamini kwamba plagi ikiingia nyaya zinalingana. Plagi ya umbo lile lile hupangwa tofauti kwa soko la Afrika, la Ghuba na la Ulaya. Fuata filamu kwa jicho kutoka kila jino hadi kwenye balbu au geji yake, uandike kwenye karatasi, kwa seti zote mbili. Kisha upande wa gari thibitisha kwa mita ya umeme, betri ikiwa imerudishwa kwa muda: waya unaopata volti ukiwasha taa ndogo ni wa mwanga wa mita, unaopata volti ufunguo ukiwa ON ni wa geji, unaosoma karibu na sifuri ohm kwa bodi wakati wote ni erthi. Rangi za nyaya zisikudanganye, hasa gari ambalo limeshapita kwa mafundi wengi. Waya ukihitaji kuhama, bonyeza kijino cha teminali kwa sindano nyembamba, uivute nje ya plagi ikiwa nzima na kuiingiza kwenye tundu lake jipya. Kukata na kusokota kwa utepe kutakuja kukuumiza baadaye.

Sehemu tatu huwatesa wengi hapa.

Ya kwanza ni oili. Seti za kawaida zina taa ya oili, na kwenye injini kuna swichi inayofunga au kufungua tu. Seti za kifahari zina geji ya oili, ambayo hutaka sensa inayobadilisha usomaji kadiri presha inavyobadilika. Ukiweka seti ya geji ukaacha swichi ya taa, mshale utakuwa mwisho huu au mwisho ule, na dereva ama ataogopa bure au, vibaya zaidi, atatulizwa bure. Badilisha sensa. Uzi wake kwenye Toyota ni robo ya nusu inchi, yaani 1/8, wa kipimo cha Kiingereza chenye nyuzi 28 kwa inchi. Zipo sensa za Kimarekani za 1/8 zenye nyuzi 27, huanza kuingia vizuri kisha zinakaza katikati. Ukiilazimisha utaharibu tundu la bloku.

Ya pili ni taa ya chaji. Kwenye alterneta nyingi za zamani, umeme wa kuanzia kuiamsha hupita kwenye balbu hiyo. Balbu ikikosekana, ikiungua, au ikibadilishwa kwa LED isiyopitisha mkondo wa kutosha, alterneta inaweza isichaji kabisa au isubiri hadi uipige mizunguko mingi. Alterneta yenye waya wa IG (unaopata umeme kutoka kwenye ufunguo) peke yake kwenye plagi yake haina utegemezi huo, lakini usikisie: kabla ya kumkabidhi mteja, pima volti za betri injini ikiunguruma. Ziwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kwa taa ya chaji baki na balbu ya kawaida. LED ziweke kwenye mwanga wa nyuma ya mita, ambako za umbo la T10 huingia bila shida, na ikigoma kuwaka igeuze upande.

Ya tatu ni taa ya bluu ya ful, yaani ya mwanga mrefu wa taa kubwa. Toyota nyingi za usukani wa kulia huwasha taa kubwa kwa kukata na kurudisha upande wa hasi: chanya inafika kwenye taa moja kwa moja, swichi ya usukani inachagua erthi. Balbu ya bluu hukaa kati ya chanya na waya wa ful. Ukileta seti ambayo upande mmoja wa balbu hiyo umefungwa kwenye erthi ya sanduku, itawaka ukiwa kwenye dimu na kuzima ukiweka ful. Mafundi wakiona hivyo hulaumu swichi ya usukani. Kata njia ya erthi ya balbu hiyo moja kwenye filamu, uipe chanya ya taa kubwa kwa waya mwembamba wenye fyuzi, na mambo yatakaa sawa.

Kama gari ni la kuvuta magurudumu manne na seti imetoka kwenye la mawili, angalia pia kama kuna soketi ya taa ya 4WD. Mara nyingi tundu lipo ila balbu na soketi havikuwekwa. Hamisha kutoka seti yako.

Unapohamisha geji au spidomita kutoka sanduku moja kwenda jingine, fanya kwenye meza safi, kioo kikiwa kimetolewa. Usiguse uso wa mita kwa kidole, alama ya mafuta haitoki. Usichomoe mshale kwenye ekseli yake. Ukishatoka, kuurudisha mahali pake halisi bila vifaa ni bahati nasibu, na springi ile nyembamba huharibika kwa kugeuzwa kidogo tu. Skrubu za mgongoni za geji ndizo pia njia zake za umeme kwenye filamu, kwa hiyo zikaze mpaka zishike vizuri, bila kupasua plastiki. Kitufe cha kurudisha namba za safari kibonyezwe gari likiwa limesimama siku zote.

Sasa turudi kwenye beti, kwa ambaye spidomita yake imekufa kabisa na hana budi kutumia ya mtumba pamoja na namba zake. Seti za Toyota za dizeli zina njia mbili za kuizima taa ya T-BELT. Baadhi zina kizibo kidogo cha mpira mbele: kitoe, sukuma kwa kijiti chembamba hadi swichi ya ndani irudi. Nyingine zina skrubu mgongoni yenye matundu mawili. Kila beti ikibadilishwa, skrubu huhamishwa kutoka tundu moja kwenda jingine, kwa sababu swichi ya ndani hugeuka upande kila laki moja. Ndiyo sababu seti ya mtumba inaweza kuwasha taa papo hapo ikifungwa, au isiwashe kwa muda mrefu. Wapo wanaotatua hilo kwa kung'oa balbu. Mwenye gari akikuta tundu tupu mahali pa T-BELT, ajue hana mlinzi.

Lililo salama ni moja: kama haijulikani beti iliyomo ilifungwa lini, ibadilishe siku hiyohiyo ya kubadilisha mita, pamoja na beringi ya kukaza. Kisha andika. Beti mpya imefungwa namba za mita mpya zikisoma kiasi gani, tarehe gani, na ibadilishwe namba zikifika kiasi gani. Ikiwa mita mpya ina 131,000, andika 231,000, wala usiingojee taa ya 200,000. Ikiwaka mapema, izime kwa njia yake, lakini usibadilishe namba uliyoandika.

Maandishi hayo yawe wapi? Marekani, sheria ya shirikisho inasema kwamba mita ikitengenezwa au kubadilishwa na namba zisiweze kurudishwa kama zilivyokuwa, ziwekwe sifuri, na kibandiko kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto kikionyesha maili za awali na tarehe ya kazi. Hakuna kinachozuia gereji zetu kufanya vivyo hivyo, upande wa mlango wa dereva, kwa kalamu isiyofutika juu ya kibandiko cha fedha: namba za mita ya zamani, namba za mita mpya siku ya kufungwa, tarehe, na kilometa ya beti ijayo. Nakala iingie kwenye risiti. Anayenunua gari hilo miaka mitatu baadaye atajua kilometa halisi kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa, na muuzaji mwaminifu hatashukiwa kwamba amerudisha namba nyuma.

Kwa pikapu za kuanzia Hilux Vigo, kebo haipo. Namba huhifadhiwa kwenye chipu ndani ya seti, na seti ya mtumba huja na namba za gari la mtu. Huko hakuna gia ya kuhamisha. Kibandiko ni cha lazima zaidi.

Baada ya kufunga, usimkabidhi mteja kabla ya kuendesha. Weka simu yenye GPS, tembea 50 thabiti kwenye barabara tambarare, kisha 80, uone mshale unasemaje. Nguzo za kilometa barabarani zitakupimia namba: tembea tano, linganisha. Washa kila taa moja moja, breki ya mkono, mlango, ful, indiketa kushoto na kulia, na utazame kama geji yoyote inasogea isipotakiwa. Jaza mafuta lita 20 zinazojulikana, uangalie mshale umepanda kiasi gani. Seti ya zamani mrudishie mwenye gari ndani ya mfuko wa plastiki, ikiwa na soketi na skrubu zake zote. Geji nyingine ikifa, kipande chake kitatoka humo.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam